Wavu wa Pili Usubiri

Nakumbuka siku moja mvua ilitushukia pale Dunga, ufuoni mwa ziwa, jua likiwa bado linawaka, na kwa muda ambao mtu angemaliza kikombe cha chai nikafanya jambo ambalo mpaka leo nikilisimulia natazama chini. Nitakusimulia hata hivyo, mwanangu. Nimefika umri ambao magoti yananiuma kuliko aibu. Tena nimewasikia wewe na wenzako mkibishana nani ni mwenyeji na nani amekuja juzi, nikaona nikinyamaza nitakuwa nimekunyima kitu chako.

Kwanza unijue. Watu wa ufuo huu wananiita Nyar Seme. Kwetu Waluo mwanamke akiolewa huitwa kwa jina la kule alikotoka, na Nyar Seme maana yake ni binti wa Seme. Nilizaliwa karibu na soko la Kombewa, nikaja Dunga nikiwa bibi arusi mwembamba. Usicheke, nilikuwa mwembamba kweli. Mume wangu alikuwa fundi wa mashua za mbao, na mimi nikajifunza kuanika omena. Kwa kuwa nilijua kusoma na kuandika kuliko wenzangu wengi, kikundi cha wanawake waanikaji kikanikabidhi daftari niwe karani wao. Nilitembea na daftari lile kwapani hata siku ambazo hapakuwa na kitu cha kuandika.

Wewe hujawahi kuanika, kwa hiyo nikueleze kidogo. Omena ni samaki wadogo kuliko kidole chako. Unawanunua asubuhi kwa beseni mashua zikifika, unatandika wavu mkuukuu juu ya nyasi, unawamwaga, unawasambaza, na mchana kutwa unawageuza. Wakikauka vizuri wanauzika hadi miji ya mbali. Wakilowa kabla ya kukauka wanaharibika, na hapo hawana mnunuzi ila watu wa chakula cha kuku. Sasa, sisi tulikuwa na desturi ambayo haikuandikwa popote. Mvua ikija, hukimbilii omena yako. Unakusanya iliyo karibu na miguu yako, iwe ya nani, kisha unakwenda kwa inayofuata. Yako ataiokoa aliye karibu nayo. Maana mawingu ya ziwani hayapigi hodi, na huenda yakakukuta kwenye chai, au umeenda kuchota maji, au unanyonyesha kibandani. Desturi ile ilituokolea omena nyingi kuliko turubai zote tulizowahi kununua.

Halafu ukaja mwaka mgumu. Magugu maji yalifunika ghuba yote, kijani kitupu mpaka macho yanapoishia, na mashua zikakaa ufuoni kama kuku wanaoatamia. Mume wangu hakuwa na ubao wa kuranda, kwa sababu hakuna mtu aliyetaka mashua mpya ya kuangalia majani. Omena iliyofika ilikuwa kidogo. Hata uwanja wa kuanikia ulipungua, kwa kuwa upepo uliyasukuma magugu hadi nchi kavu yakaozea pale pale. Unga ulipanda bei kila wiki. Wanaume walishinda nyumbani wakitafuta makosa kwenye mboga. Na sisi wanawake, tuliokuwa tumezoea kuimba tukigeuza omena, tukaanza kunong'ona.

Tulimnong'ona Kageha. Huyu alikuwa mama wa watoto watatu, Mmaragoli kutoka milima ya Vihiga, aliyepanga chumba kimoja mtaani Nyamasaria. Mumewe, fundi wa mawe, alikuwa ameenda kutafuta kazi na hakuwa ametuma habari kwa miezi mingi. Kila alfajiri Kageha alitembea na beseni lake kutoka Nyamasaria hadi Dunga, akanunua omena kama sisi, akaanika kama sisi, akatutania kwa Kiluo chake cha kuvunjikavunjika. Miaka miwili mizima hakuna aliyemwona kuwa ni tatizo. Mwaka ule, ghafla, kila mtu akagundua kwamba anachukua nafasi.

"Ati sisi wenye beach tunabanana, na huyu ametoka huko milimani anatandika tu?" alisema mwenzetu mmoja aliyeitwa Nyar Alego. Wengine wakaguna kukubali. Mimi sikuishia kuguna. Mimi nilifungua daftari.

Niliandika kwa mwandiko wangu mzuri kwamba uwanja wa kuanikia ni wa wenyeji wa Dunga peke yao. Nikasoma kwa sauti, wakanipigia makofi. Nafasi ya Kageha tukaigawana, na mimi, karani, nikapata ya kutandika wavu wa tatu. Hatukumfukuza, la, tulijiona watu wema. Tulimwambia tu aanike kule mwisho kando ya mafunjo, kwenye ardhi yenye unyevu ambako mbuzi hupita na ndege hushuka kudonoa. Aliniuliza, "Kwani hii ufuo si ya serikali?" Nikamwambia aende basi aiulize serikali. Wenzangu walicheka sana, na mimi nikafurahi kwamba nimechekesha. Nakwambia haya yote ili ujue kuwa mtu anaweza kufanya ubaya huku roho yake ikiwa nyepesi kabisa.

Sasa ile siku ya mvua. Nilikuwa nimeenda kule kwenye mafunjo kusuuza beseni, na Kageha alikuwa ameenda kuchota maji ya kunywa, kwa hiyo alikuwa anapita katikati ya uwanja. Wingu likatoka upande wa ziwa, upepo ukanipiga usoni, na tone la kwanza likaangukia mkono wangu. Pale miguuni pangu palikuwa na wavu mmoja tu, wa Kageha, na omena yake ilikuwa imekaribia kukauka, inang'aa. Ningeinama tu, nikashika pembe nne za wavu na kuufunga. Ni kazi ya kupumua mara kumi.

Mwanangu, niliuruka. Nilikusanya sketi yangu nikauruka wavu ule kama mtu anayeruka mtaro, nikakimbilia zangu tatu. Na kichwani nilikuwa na sababu yangu tayari: huyu hayumo kwenye daftari, desturi ni ya walio kwenye daftari.

Nilipofika katikati nilikuta nyavu zangu zote tatu zimekusanywa. Zilikuwa zimefungwa vizuri na kufunikwa nailoni, na Kageha ameikalia pembeni kwa uzito wake wote ili upepo usiichukue. Mtungi wake wa maji ulikuwa umelala chini, maji yamemwagika. Mvua ilimpiga mgongoni na leso ilikuwa imemganda mwilini. Hakunitazama mimi. Alitazama nyuma yangu, kule kwenye mafunjo.

"Na yangu?" akauliza.

"Sikuiona," nikasema.

Akaendelea kutazama kule. Alijua nilikotoka, na alijua njia niliyopita. Mvua ilipopungua akaenda kuangalia, akakuta nusu imesombwa na iliyobaki imekuwa uji. Akainamisha wavu, akaimwaga majini, akachukua beseni lake tupu na kuondoka bila kumuaga mtu. Niliona aibu mwanangu, aibu ya kutaka ardhi inimeze, na hata hivyo nilizihesabu nyavu zangu kuona kama zote zimepona.

Nilidhani hakuna aliyeona. Lakini kibandani alikuwepo Mama Dorsila, mjane aliyekuwa mkubwa kuliko sisi wote. Alikuwa ameacha kuanika kwa sababu ya mgongo, sasa akituuzia chai. Macho yake yalikuwa mabovu kwa kusoma Biblia lakini mazuri ajabu kwa kuona mambo ya watu. Wanawake walikuwa wamejibanza kwake wakisubiri mvua iishe kabisa.

"Nyar Seme, kuja hapa," akaniita. "Na hiyo daftari yako, kuja nayo."

Nikaenda. Akaniambia nisome lile neno nililoandika juu ya wenyeji. Nikasoma. Akasema, "Sawa. Sasa nisomee majina ya hao wenyeji, moja moja, vile tunaitana hapa."

Nikaanza. Nyar Alego. Nyar Gem. Nyar Asembo. Nyar Uyoma. Kila nilipotaja jina, Mama Dorsila alimgeukia mwenye jina na kumuuliza kwa upole wa kuudhi, "Na wewe umezaliwa wapi, nyathina, mwanangu?" Nilipofika jina la sita nikalifunga daftari. Hapakuwa na mmoja wetu aliyezaliwa Dunga. Ingewezekanaje? Kwetu mwanamume haoi msichana wa ukoo wake, na Dunga ni ukoo mmoja. Mabinti wa Dunga walikuwa wameolewa huko mbali, na sisi tulikuwa mabinti wa wengine tulioletwa hapa. Nilikuwa nimeandika sheria ya kumfukuza kila mtu uwanjani, mimi mwandishi nikiwa mmoja wao, na wote tulikuwa tumeipigia makofi.

"Mimi wakati nilikuja waliniita Nyar Yimbo," Mama Dorsila akasema. "Mwenyeji hapa namuona moja tu." Akaelekeza kidevu kwa Mzee Ogola, mzaliwa wa Dunga, aliyekuwa pembeni akishona nyavu zilizoraruka. "Ogola! Hawa watoto wameamua. Uwanja yote ni yako. Kuja uanike."

Mzee Ogola akainua kichwa kwa hofu. "Mimi? Mama, mimi hata kugeuza omena sijui. Muniache na kazi yangu tafadhali."

Walicheka mpaka Nyar Gem akajifuta machozi. Mama Dorsila mwenyewe alicheka, kisha akaweka birika chini.

"Kucheka mmecheka," akasema. "Huyo mama amerudi nyumbani na beseni haina kitu. Watoto wake watakula nini, daftari?"

Nyar Alego akajitetea. Alisema kweli tumekosa, lakini tukimrudisha huyu, kesho watakuja kumi, na mwaka wenyewe ndio huu. Usimcheke Nyar Alego. Hofu yake ilikuwa ya kweli na mimi nilikuwa nayo vile vile. Mama Dorsila hakumkemea.

"Wakikuja kumi tutapanga," akamjibu. "Wewe ulipokuja si tulipanga? Mwaka ni mbaya, sikatai. Basi tupange hivi: kabla kila mtu hajatandika wavu moja, hakuna mtu atatandika ya pili." Na akanitazama mimi, mwenye nyavu tatu.

Tulitawanyika bila kuamua lolote, na nitakwambia ukweli, mimi nilishukuru kwamba hatukuamua. Nyavu tatu ndizo zilizokuwa zikinunua unga wa nyumbani kwangu. Nikapanga jambo la rahisi zaidi. Siku mbili Kageha hakuonekana. Siku ya tatu nilijaza gorogoro, ule mkebe wetu wa kupimia, omena kavu ya juu kabisa, nikaifunga kwenye kitambaa safi nikapanda baiskeli ya kukodi hadi Nyamasaria. Njia nzima nilijisikia mtu mwema.

Nilimkuta Kageha anakunja godoro. Vyombo vilikuwa ndani ya gunia, na binti yake mkubwa, aliyebakiza mwaka mmoja kufanya mtihani wa kumaliza shule ya msingi, alikuwa ameketi mlangoni na sare yake amevaa, ingawa ilikuwa saa tano na wenzake walikuwa darasani. Walikuwa wanarudi Vihiga kwa mama yake Kageha, na shule ya mtoto ilikuwa imeishia hapo. Sikutegemea hilo. Nilikuwa nimewaza omena iliyoharibika, sikuwaza kwamba kwa kumnyima mtu hatua nne za nyasi nimemtoa mtoto shuleni.

"Umekuja kuangalia kama nimeenda?" Kageha akaniuliza.

Nikamwambia nimekuja kuomba msamaha. Nilisema yote, hata kwamba niliuona wavu wake na nikauruka. Kisha nikamsogezea kile kitambaa. Alikifungua, akaigusa omena, akaisifu kwamba imekauka vizuri. Kisha akakifunga tena akanirudishia.

"Pole nimepokea," akasema. "Hii omena rudi nayo. Mimi sikuomba chakula, Nyar Seme. Nilikuwa nataka tu mahali ya kuanika yangu."

"Chukua kwa sababu ya watoto," nikamsihi.

"Leo utanipa. Kesho ukikasirika utaninyima. Nitakuwa naangalia uso yako kila asubuhi nijue kama watoto watakula." Aliendelea kukunja godoro. "Na hiyo mahali, hata si yako ati unipe. Ni yangu kama vile ni yako."

Nilirudi Dunga na gorogoro yangu mapajani. Kijana wa baiskeli akaniuliza nauza pesa ngapi, nikamwambia anyamaze aendeshe. Nilikuwa na hasira, na nilipofika karibu na ziwa nikajua hasira ilikuwa ya nini. Nilitaka kuwa mtu mwema bila kuachia hata wavu mmoja. Kageha aliliona hilo pale mlangoni kabla yangu mimi.

Jioni hiyo, jua bado liko juu ya maji, niliwaita wanawake. Niliukunja wavu wangu wa pili na wa tatu mbele yao, nikaziweka kibandani kwa Mama Dorsila. Halafu nikafuta lile neno la wenyeji, nikaandika jipya, fupi: kila anayeanika ana nafasi ya wavu mmoja, na wavu wa pili utasubiri mpaka wote wametandika. Nyar Alego alisonya. Kisha akaenda akakunja wa kwake wa pili, akiutupa kwa nguvu ili kila mtu ajue hakupenda. Mpaka leo namheshimu kwa msonyo ule, kwa sababu alikasirika na bado akakunja.

Kesho yake asubuhi tulienda watatu Nyamasaria kumwambia Kageha neno lililoandikwa. Tulimkuta gunia liko mlangoni. Alitaka tulisome mara mbili. Kisha akamgeukia binti yake akamwambia, "Kimbia shule, utasema ulikuwa na homa," na mtoto akaondoka mbio kabla hatujamaliza kusalimiana.

Usidhani siku hiyo tulikumbatiana. Kageha alirudi uwanjani, akatandika katikati, na kwa wiki nyingi hakuniambia neno zaidi ya habari ya asubuhi. Nililazimika kuvumilia. Ukimkosea mtu, yeye ndiye anayechagua siku ya kucheka nawe tena. Siku yenyewe ilipofika alisimama nyuma yangu nikiwa nimeinama akaniambia, "Nyar Seme, unageuza omena kama mtu anafukuza kuku." Nilifurahi karibu nilie.

Mwaka ulibaki mgumu. Tulikula mboga za kienyeji mpaka tukazichoka, na nyumbani kwangu unga ulipimwa kwa kikombe. Lakini uwanjani nyimbo zilirudi, na mvua ilipokuja hakuna aliyesimama kufikiria omena ni ya nani. Baadaye Kageha alituonyesha wanunuzi wa huko kwao, na soko likapanuka. Hili nalitaja kwa kusita, kwa sababu watu hupenda kulishika hilo na kusema: kumbe alikuwa na faida! Mwanangu, angekuwa hana faida hata ya punje, nafasi ile bado ingekuwa yake.

Leo nimeshiba umri na moyo wangu umetulia. Kageha naye ni nyanya, ana maneno mengi kuliko mimi, na Jumapili akipita kwangu tunagombana juu ya chumvi. Lakini nasikia bei zikipanda tena, nawaona vijana wenye vyeti wakikaa bila kazi, na nasikia kwenye simu zenu orodha zinaanza kuandikwa: nani apate kibanda sokoni, nani achote maji kwanza, mtoto wa nani apewe nafasi ya shule, mgonjwa gani ni wetu. Najua orodha hizo zinavyoanza. Huwa zinaandikwa na mtu mwenye mwandiko mzuri na njaa ya kweli.

Basi shika haya kutoka kwangu. Mambo yakibana, usianze kwa kuuliza nani aondoke. Uliza kila mmoja amepata cha kwanza? Chako cha pili kiweke kando kwanza, na uruhusiwe kusonya ukikiweka. Kile ambacho ni haki ya mtu usimpe kama zawadi, maana siku utakayomgeuzia uso atakosa chakula na heshima pamoja. Ukishika kalamu ya kuandikia wengine, jisome wewe mwenyewe kwanza katika kile unachoandika. Na ukikosea, nenda hadi mlangoni kwa uliyemkosea ukiwa mikono mitupu, useme ulichofanya kwa jina lake halisi, kisha urudi ukakitengeneze.

Mungu akubariki, mwanangu. Akupe kazi ya mikono yako na majirani wasiokuhesabia nafasi. Akujalie kushiba bila kumtazama mtu usoni kwanza. Na siku utakapofika mji usiokujua, umechoka na mzigo wako kichwani, akukutanishe na mwanamke ambaye hatakuuliza umetoka wapi, atasogea tu kidogo ili nawe ukae.